Upepo Nilioupunguza

Mwaka ule niliorudi Katindiuka, kando ya Ifakara, kutoka ng'ambo, mwishoni mwa miaka ya hamsini, sikuamini kitu chochote ambacho sijakipima mwenyewe, na hata nilichokipima nilikipima mara mbili. Hali hiyo ilikuwa na sababu. Nilikuwa nimekwenda kusomea shahada ya pili, na kazi yangu ilihusu mbao na namna zinavyobeba uzito. Baada ya mwaka mmoja na nusu, msimamizi wangu aliweka ncha ya kalamu yake juu ya mstari mmoja katika ukurasa wa kumi na moja, akaniuliza tarakimu ile nimeitoa wapi. Nilikuwa nimeinakili vibaya. Kila kilichofuata, kurasa zaidi ya mia, kilikuwa kimesimama juu ya tarakimu hiyo. Hakunifukuza. Aliniambia nirudi nyumbani nikapumzike miezi michache, akanishika bega kwa upole ulionitisha kuliko ambavyo hasira ingenitisha. Nilifika Ifakara mikono ikinitetemeka kiasi kwamba mama alikuwa akinitilia chai nusu kikombe, bila kusema kwa nini.

Nyumbani hakuna aliyeniuliza habari za masomo. Walikuwa na jambo kubwa zaidi, nalo lilikuwa mtumbwi wa mjomba.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mvuvi na mkulima wa mpunga. Shamba lake lilikuwa ng'ambo ya Mto Kilombero, na kama ilivyo desturi ya bondeni, familia yake ilikuwa imehamia huko tangu baada ya Krismasi. Mke wake na binti zake wawili walikaa dunguni, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, wakifukuza ndege na nguruwe hadi mpunga uive. Mwezi wa Januari kiboko aliupiga mtumbwi wa mjomba ukapasuka toka kichwani hadi mkiani. Tangu hapo alikuwa akivuka kwa mtumbwi wa jirani kuwapelekea chumvi na unga. Lakini masika yalikuwa yanakaribia, na masika yakianza hakuna mtu bondeni anayeazimisha mtumbwi. Kila mwenye nao ana watu wake wa kuwatoa kwenye maji. Mjomba alikuwa na wiki mbili, labda tatu. Baada ya hapo mke wake na binti zake wangekuwa juu ya nguzo nne katikati ya bahari ya matope, naye angekuwa upande huu akiwatazama.

Mti aliupata mbali, chini ya milima, pembeni ya barabara ya kwenda Kidatu. Ulikuwa mvule mzuri, akauchonga huko huko kwa tezo pamoja na wachongaji wawili wa kijiji cha karibu. Zamani mtumbwi wa namna hiyo ungeachwa kando ya kijito usubiri mafuriko yaubebe, au ungeburutwa na wanaume arobaini kwa nyimbo na pombe. Mafuriko ndiyo tuliyokuwa tunayakimbia, na wanaume arobaini walikuwa madunguni. Kilichobaki kilikuwa pikapu.

Pikapu hiyo ilikuwa ya mfanyabiashara wa mpunga ambaye mjomba alimwendeshea magari kwa miaka mingi. Alipohama bonde alimwachia kama mkono wa kwaheri. Mbele ilikuwa nzima. Nyuma springi zilikuwa zimechoka, na ukiipakia magunia manne ilikaa chini kama kuku anayeatamia. Mtumbwi wenyewe ulikuwa na urefu wa futi kumi na sita, na sehemu ya kupakilia ilikuwa futi saba tu. Zaidi ya nusu ya mtumbwi ingening'inia nje, na uzito wote ungelala nyuma ya ekseli.

Ndipo mjomba aliponipeleka kwa fundi.

Fundi alikuwa na banda lake nyuma ya soko la Ifakara. Alitengeneza magari ya jeshi huko Burma wakati wa vita, akarudi na kofia iliyopauka na tabia ya kuzungumza na injini kana kwamba zinamsikia. Asili yake ilikuwa upande wa Songea, na kwa hiyo alikuwa mtani wetu. Hilo lilinisumbua tangu siku ya kwanza. Mtani anaruhusiwa kukutukana, kukudanganya, hata kukunyang'anya kitu mkononi, nawe huruhusiwi kukasirika. Nilijiuliza mtu wa namna hiyo unawezaje kujua ni lini anasema kweli.

"Shikamoo," nilimwamkia.

"Marahaba. Huyu ndiye aliyekwenda kusoma mpaka akakonda?" alimwuliza mjomba. "Mmempeleka mnene, wazungu wamewarudishia mifupa."

"Nyama ameiacha huko iendelee kusoma," mjomba alijibu. "Mtani, tazama gari."

Fundi alilala chini, akaingia uvunguni, akakaa huko kwa muda mrefu. Sauti yake ilitoka chini ya ekseli: "Gari hili halibebi mtumbwi, mtani. Halibebi hata dhambi zako."

"Dhambi zangu nyepesi. Zako ndizo zilizovunja springi, siku ile nilipokubeba kutoka kivukoni."

"Basi nitalitia mapafu," alisema, akatoka akijipangusa.

Alitueleza kwa kuchora ardhini kwa msumari. Angechukua mipira ya ndani ya magurudumu ya lori, aikate, azibe ncha zake kwa moto na gundi, kisha aikunje iwe mifuko miwili mifupi, kila mmoja kama kichwa cha mtoto. Angeivisha turubai, na juu ya turubai ngozi ya ng'ombe iliyoshonwa. Mfuko mmoja ungekaa kulia na mwingine kushoto, kati ya springi na fremu ya gari. Ukiijaza upepo kwa pampu ya baiskeli, ingeisukuma fremu juu, na mzigo ungebebwa na springi pamoja na upepo. Alidai aliona picha ya kitu kama hicho katika gazeti la mhandisi mmoja wa barabara.

"Gazeti hilo lipo?" niliuliza.

"Lilifungiwa maandazi."

Mjomba alicheka. Mimi nililiandika jibu hilo katika daftari langu, nikaweka alama ya kuuliza pembeni.

Katika siku tatu zilizofuata nilifanya nilichokijua. Nilipanda na mjomba hadi msituni, nikaupima mtumbwi kwa kamba na rula: urefu, upana, unene wa sakafu, unene wa mbavu, kila futi moja. Nilielesha kibanzi cha mvule ule mbichi kwenye ndoo ili nijue uzito wake ukilinganishwa na maji. Nilikokotoa kwa rula yangu ya kukokotolea, ile yenye ulimi unaoteleza katikati, niliyokuwa nikitembea nayo katika mfuko wa shati kama watu wengine wanavyotembea na rozari. Nilipata ratili mia saba na themanini. Nilikokotoa upya asubuhi iliyofuata nikapata vilevile, nikaketi kitandani nikilitazama kwa furaha, kwani tangu ukurasa wa kumi na moja sikuwa nimepata jibu lililokubali kurudiwa.

Kisha nilipima mifuko ya fundi, nikakadiria kwamba pampu thelathini kwa kila mfuko zingetosha. Zaidi ya hapo, nilihofia, mshono wa ngozi ungeachia njiani. Nilimpelekea fundi karatasi. Aliitazama, akatikisa kichwa kukubali, akaiweka chini ya kopo la grisi.

Siku hiyo hiyo, nikiwa natoka bandani, niligeuka na kumwona amefungua boneti ya pikapu. Alikuwa na kipande cha uzi. Aliupitisha juu ya injini kutoka mbele hadi nyuma, akafunga fundo; akaupitisha kwa upana, akafunga fundo la pili; kisha akaukunja uzi na kuutia mfukoni. Mapafu yalikuwa nyuma ya gari. Mbele alikuwa akipima nini?

Sikulala vizuri. Nilikumbuka kwamba katika kona ya banda lake niliona msingi mdogo wa saruji, wenye misumari minne mirefu iliyosimama wima, na vijana wa sokoni walisema fundi ana ndoto ya mashine ya kukoboa mpunga, ila hana injini. Baada ya hapo kila kitu kilijipanga chenyewe kichwani mwangu. Gari lenye mzigo kupita uwezo wake, mifuko iliyojazwa kupita kiasi, mshono unaachia, ekseli inavunjika msituni, gari linakufa. Nani angelichukua gari lililokufa?

Jioni nilimwambia mjomba, wakati akinoa tezo nje ya jikoni. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mpwa wangu," alisema, "mtani hawezi kuniibia. Akitaka kitu changu atakichukua mbele ya macho yangu na kunicheka."

"Na uzi?"

Aliendelea kunoa. Lakini niliona kwamba sasa alikuwa akinoa mahali pamoja tu.

Tuliondoka siku iliyofuata baada ya misa ya kwanza. Fundi alijaza upepo uani kwetu, nami nilisimama nyuma yake nikihesabu kimyakimya. Alifika thelathini. Hakusimama. Alifika arobaini na mbili upande wa kulia, akahamia kushoto, akafanya vilevile, hadi matako ya pikapu yakainuka juu kama ya mbuzi anayekunywa maji mtoni.

"Tulisema thelathini," nilimwambia.

"Wewe ulisema."

"Ulitikisa kichwa."

"Nilikuwa nafukuza nzi." Kisha alinitazama kwa namna niliyoiona ni ya ujanja. "Mtani mdogo, ukimwalika mtu mmoja unapika chakula cha mtu mmoja?"

Nililitafakari swali hilo njia nzima, tukiwa watatu tumebanana mbele, na kila nilivyoligeuza niliona ndani yake kitu kinachofichwa.

Tulipofika msituni, watu kumi na wawili wa kijijini walikuwa wakitusubiri. Fundi alipokea bakuli la uji, akaunywa akiwa amesimama, kisha akachukua panga. Kati yetu na Ifakara kulikuwa na korongo moja lenye mchanga mzito, na alitaka kutangulia kwa miguu akatandike matawi kabla hatujafika na mzigo. "Msinisahau huko," alisema, "simba wa huku hawajui utani." Akaenda.

Wengine walikuwa kwenye uji. Nilizunguka nyuma ya gari, nikapiga magoti kama mtu anayekagua gurudumu, nikafungua kinywa cha mfuko wa kulia na kukibonyeza kwa ncha ya kalamu yangu. Nilikuwa nimefanya mazoezi kwa baiskeli ya baba, na nilijua pumzi fupi ipi ni sawa na pampu moja. Nilitoa kumi na mbili. Nilihamia kushoto, nikatoa kumi na mbili. Mikono yangu haikutetemeka hata kidogo, nami niliichukulia hali hiyo kuwa ushahidi kwamba nafanya jambo sahihi.

Wakati wa kupakia, mjomba aliniweka kwenye usukani nikanyage breki. Nilisikia wanaume wakiitikiana, kisha gari likatingishika na kushuka. Mtumbwi ulikuwa umeingia. Walichukua muda mrefu kuufunga kamba. Kwenye kioo niliona wanawake watano wakipita na mitungi kichwani, nikafikiri ni maji ya kunywa ya wapakiaji. Niliona pia majani mabichi yakilundikwa juu ya mtumbwi, nikafikiri ni kivuli. Gari lilishuka tena, taratibu. Nikafikiri kamba zinakazwa.

Tulipoondoka mjomba aliendesha polepole, akiinamia usukani.

"Usukani umekuwa mwepesi sana," alisema baada ya maili moja. "Kama gari linataka kuruka."

Maana yake niliijua: uzito ulikuwa umekwenda nyuma kupita kiasi, na magurudumu ya mbele yalikuwa yakigusa ardhi kidogo tu. Lakini hesabu zangu zilikuwa sahihi, nilizirudia mara mbili. Kwa hiyo kosa lilikuwa mahali pengine.

"Mifuko inavuja," nilisema. "Gundi yake mbaya. Nilikwambia."

Mjomba alizidi kuinamia usukani. Misuli ya shavu lake ilicheza.

Korongo, jembamba, lilikuwa chini ya mteremko. Tuliliona kabla hatujalifikia: mchanga mweupe, matawi yaliyotandikwa vizuri kwa mistari miwili, na fundi amesimama katikati, panga mkononi. Alipotuona hakutupungia mara moja. Aliinama, akatazama chini ya gari letu, kisha akaanza kupunga mikono yote miwili kwa nguvu, akipiga kelele ambazo hazikutufikia kwa sababu ya mvumo wa injini.

"Anasema tusimame," alisema mjomba.

Nilikuwa na nusu dakika ya kufikiri, na nilifikiri kwa ustadi mkubwa. Gari linalosimama kwenye mteremko, mbele ya mchanga, halipati tena mwendo wa kuvuka. Fundi wa magari ya jeshi analijua hilo. Anayelijua na bado anatutaka tusimame, anatutaka tukwame.

"Usisimame, mjomba. Ongeza moto. Anataka tukwame."

Mjomba alinitazama mara moja, akakanyaga mafuta. Fundi aliruka pembeni. Tulivuka mchanga juu ya matawi yake, matawi yakatubeba vizuri, na mbele ya gari ikaanza kupanda ukingo wa pili. Ndipo niliposikia, nyuma ya shingo yangu, sauti ya maji mengi yakikimbia. Gari likakaa chini nyuma kana kwamba limeshikwa na mkono, na mkia wa mtumbwi ukagonga ukingo tuliotoka. Ulilia mlio mmoja mkavu ambao niliutambua kabla sijageuka, kwa maana nilikuwa nimesikiliza mbao zikilia hivyo maabara kwa mwaka mmoja na nusu.

Injini ilizimika. Nilishuka. Kutoka mkiani mwa mtumbwi maji yalikuwa yakimwagika mchangani, na majani yaliyolowa yalikuwa yakitoka pamoja nayo, mafungu kwa mafungu.

Mtumbwi mpya hausafirishwi mkavu. Jambo hilo nililijua nikiwa na umri wa miaka sita. Mimi mwenyewe niliwahi kubeba maji kwa kibuyu kuyatia katika mtumbwi wa babu, siku zote ulizokuwa ukisubiri kushushwa mtoni, kwa sababu mti mbichi uliochongwa ukionja jua kabla ya kuonja mto hupasuka. Unatiwa majani mabichi, majani yanatiwa maji, na wanawake ndio wanaoyaleta. Hakuna mtoto wa bondeni asiyelijua hilo. Nami niliupima mti hadi nusu inchi, nikaupima ukiwa mtupu.

Mjomba hakuutazama mtumbwi kwanza. Alimwendea fundi.

"Fundi," alisema, "mifuko yako imepasuka."

Ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akimwita fundi badala ya mtani. Yule naye alilisikia, akasimama, akaliweka panga chini kwa uangalifu, mbali na mkono wake.

"Nilikupungia usimame."

"Ulinipungia nikwame. Mke wangu na watoto wako juu ya nguzo, na wewe unapima injini yangu kwa uzi! Ulidhani sitajua?"

Fundi alinitazama mimi, si yeye. Kisha akapiga magoti nyuma ya gari, akaingiza mkono, akaubonyeza mfuko wa kulia. Akaubonyeza wa kushoto. Akarudi wa kulia.

"Haijapasuka," alisema taratibu. "Imepungua. Yote miwili, sawasawa." Aliinuka. "Tundu halina haki kiasi hicho, mtani. Tundu lingependelea upande mmoja."

Ningeweza kunyamaza. Mjomba alikuwa tayari kuamini upande wangu, na nilikuwa nimemwandalia imani hiyo tangu jioni ya jana yake. Nililipima hilo pia, nakiri. Hata pale nilikuwa nikipima. Kilichonishinda ni ule mlio wa mbao. Ulikuwa bado masikioni mwangu, na ulikuwa mlio wa kweli.

"Upepo nimeupunguza mimi," nilisema. "Pampu kumi na mbili kila upande. Mlipokuwa mnakunywa uji."

"Kwa nini?" aliuliza mjomba.

"Nilipima mti peke yake. Sikukumbuka maji."

Fundi alivua kofia, akajipangusa uso kwa kofia hiyo hiyo. Hakucheka, nami nilitamani acheke. "Nilitaka matako yakae juu ili maji yalale kwenye kichwa cha mtumbwi," alisema. "Yakishuka, maji yanakimbilia mkiani, na yakikimbilia mkiani gari linashuka zaidi. Sikusema kwa sababu nilidhani mtoto wa mto haelezwi habari ya maji na mtu wa milimani."

"Na uzi?" niliuliza. Nilikuwa bado mtu wa namna hiyo.

"Injini naitaka," alijibu. "Naitaka hata sasa. Gari hili likifa nitalilia siku tatu kama mtani, siku ya nne nitakuja na spana."

Mjomba alikuwa ameshatuacha. Alikuwa amepiga magoti mkiani mwa mtumbwi, akipitisha kidole. Ufa ulianza kwenye ncha, chini kidogo ya mahali ambapo maji ya mto yangefika, ukaingia ndani urefu wa shubiri moja na nusu. Katika kazi yangu ng'ambo niliandika sura nzima kuhusu ufa katika mbao: kwamba unazuiwa kwa kutoboa tundu dogo pale unapoishia, ili nguvu inayoupasua ikose ncha ya kushika. Nilifungua kinywa niwaeleze. Mjomba alikuwa ameshawasha moto wa vijiti na kuweka msumari mrefu ndani yake. Ulipokuwa mwekundu aliutoa kwa koleo la fundi, akatoboa nao mwisho wa ufa hadi moshi ukatokea upande wa pili, akachonga kigingi, akakipigilia. Hakuinua macho hata mara moja. Kisha tuliupaka mkia matope na majani yaliyolowa.

"Pampu," alisema fundi, akaniwekea mkononi.

Nilipampu. Alihesabu yeye, kwa sauti, polepole, bila mzaha wowote, na alipofika thelathini alitua kidogo, labda ili avute pumzi. Tulifika hamsini upande wa kulia na hamsini upande wa kushoto. Mshono wa ngozi ulishika. Gari liliinuka, maji yaliyobaki yakatiririka kuelekea kichwani mwa mtumbwi, na tukatoka korongoni.

Tulifika mtoni jua likiwa bado juu. Watu wa kivukoni walitusaidia kuushusha, na mjomba akaziba ufa kwa nyuzi za magome na utomvu uliochemshwa. Nikiwa nimesimama kando, fundi alinijia, akanyoosha mkono, akachomoa rula ya kukokotolea kutoka mfuko wa shati langu.

"Faini," alisema.

"Hiyo siwezi kuitoa."

"Hujaitoa. Nimeichukua." Aliusukuma ulimi wake mbele na nyuma, akausogeza karibu na jicho. "Ngapi mara ngapi ni mtumbwi, hapa?"

Nilimtazama mjomba anitetee. Alikuwa akikagua utomvu.

"Mtani," mjomba alimwita fundi, bila kugeuka, "ukimaliza kumnyang'anya mtoto wangu, nipe kafi."

Alikuwa ameirudia ile kauli ya zamani. Hata hivyo niliichunguza sauti yake nikitafuta mahali inapokwaruza, na hadi leo siwezi kusema kwamba sikupapata.

Aliniketisha mkiani, juu ya ule ufa, akanipa kata ya kuchotea maji. Fundi alibaki ukingoni. Maji yaliingia, si mengi, tone kwa tone kwanza, kisha uzi mwembamba uliokimbia kati ya nyayo zangu. Nilichota. Nilihesabu kata arobaini kufika katikati ya mto, na kila nilipomwaga moja nilitazama kigingi kile kuona kama kimesogea. Mjomba alipiga kafi bila haraka. Mbali upande wa Mahenge wingu la kwanza la masika lilikuwa limekaa juu ya milima.

Mkewe alituona kabla hatujamwona. Alikuwa juu ya dungu, na binti mmoja alikuwa ameshashuka ngazi akikimbilia majini. Tulipofika karibu mke wa mjomba naye alishuka, akashika kichwa cha mtumbwi, akautazama toka mbele hadi nyuma kama mtu anayempokea mgeni aliyechelewa. Macho yake yalifika kwenye utomvu mpya mkiani. Nilikuwa bado nimeshika kata.

"Mpya, na umeshapasuka?" alisema. "Nani kaupasua?"

Nilifungua kinywa. Mjomba alinitangulia.

"Mtani," alisema, akamrushia kamba aifunge.

Mkewe alicheka, akamtukana mtu wa Songea ambaye hakuwepo, akafunga kamba kwenye nguzo ya dungu. Mjomba aliniashiria kwa nyusi nitoke nje. Sikujua kama amenisitiri kwa utani, au kama moyoni bado palikuwa na mahali anapomshtaki yule fundi kwa sababu yangu. Niliinama, nikachota maji yaliyobaki hadi sakafu ya mvule ikaonekana, nikasubiri kuona yataingia tena kwa kasi gani.